Saa isiyosomeka ni bangili tu

Julai mwaka juzi nilipoteza kibarua kwa sababu ya saa nzuri. Sikuugua, sikuibiwa, wala mathree hazikugoma. Nilikuwa na saa mkononi, nyeusi tititi: uso mweusi, mishale myeusi, mkanda mweusi. Nilikuwa nimeinunua wiki mbili awali kwa mchuuzi pale Tom Mboya Street kwa mia sita, na wasee wa beisi walikuwa wameipitisha bila kupinga. "Hiyo imeweza," walisema. Na kweli ilikuwa imeweza kila kitu isipokuwa kazi moja tu: kuniambia ni saa ngapi.

Nyapara alikuwa ametuambia saa moja kamili geti linafungwa. Usiku huo stima zilipotea Dandora, simu ikazima ikiwa na asilimia sifuri, na chumba changu hakina dirisha la maana. Nikaamka, nikamulika mkono kwa kiberiti, nikasoma saa kumi na moja na nusu. Poa, nikajiambia, bado niko na wakati. Nikawasha jiko, nikachemsha chai, nikakunywa taratibu kama mtu wa ofisi. Nilipotoka nje kuosha kikombe nilikuta kumekucha, watoto wa ploti wamevaa yunifomu. Haikuwa saa kumi na moja na nusu kumbe. Ilikuwa karibu saa kumi na mbili na nusu nilipoisoma, ila ile mishale miwili ilikuwa na urefu karibu sawa, nikachukua mshale wa dakika nikaufanya wa saa.

Nilikimbia kutoka Phase 4 hadi Kariobangi, nikadandia gari, nikashuka, nikakimbia tena. Industrial Area nilifika geti likiwa limefungwa. Bawabu alinitazama, akatazama mkono wangu, akacheka. "Na umevaa saa!" Mia saba ya siku hiyo ikaenda, na jina langu likatolewa kwenye orodha ya wiki iliyofuata.

Jioni Mama aliniuliza swali moja tu: "Hiyo saa ulinunua ya nini?" Sikuwa na jibu. Leo ninalo, ndiyo maana naandika.

Msimamo wangu ni huu: saa isiyosomeka kwa jicho moja ni bangili. Hakuna ubaya kuvaa bangili. Ubaya ni kununua bangili ukidhani umenunua saa, hasa ukiwa mtu ambaye dakika kumi zinaweza kumla chakula cha siku.

"Si simu iko?"

Najua jibu utakalonipa, kwa sababu nami nililisema miaka mingi. Simu ina saa, ya mkononi ni ya mapambo tu. Haya, hebu tuhesabu gharama ya kutazama saa kwenye simu ukiwa mtu wa Eastlands.

Kwanza, kuitoa. Ukiwa kwenye mathree jioni, dirisha liko wazi, jam imekwama, unatoa simu kuangalia saa. Sote tunajua kinachofuata. Mkono unaingia dirishani, simu imeenda, na konda anakuambia ungefunga dirisha. Umelipa simu nzima kwa kujua kwamba ni saa kumi na mbili na dakika nane.

Pili, chaji. Simu za siku hizi hazimalizi siku, na stima zetu zina tabia zake. Saa ya kawaida ya betri hukaa mwaka mmoja, miwili, hata zaidi kabla ya kumuona fundi.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, simu haikuambii saa bure. Unaifungua kuona saa, unakuta meseji, unaingia kwenye video moja, ya pili, ya kumi. Unarudisha simu mfukoni baada ya dakika ishirini, na ukiulizwa ni saa ngapi hujui. Unalazimika kuitoa tena. Saa ya mkononi inakujibu swali moja kisha inanyamaza. Siku hizi hicho ni kipaji.

Saa yetu imegeuzwa, na hiyo ni baraka

Kuna jambo ambalo watengenezaji wa saa wa Uswisi na Japani hawakulifikiria, lakini sisi tunaishi nalo kila siku. Mshale ukiwa kwenye 7, sisi tunasema saa moja. Ukiwa kwenye 12, tunasema saa sita. Tunahesabu tangu kuchwa na tangu kucha, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua letu halituchezei shere: mwaka mzima hapa Nairobi linachomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi. Hesabu hiyo inatufaa.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kuongeza au kutoa sita. Fundi mmoja mzee aliye na kibanda cha kioo mjini alinionyesha njia rahisi zaidi. "Kijana," aliniambia, "usihesabu. Tazama upande wa pili." Mshale mfupi ukiwa kwenye 7, mkabala nayo kuna 1: saa moja. Ukiwa kwenye 10, mkabala nayo kuna 4: saa nne. Ukiwa kwenye 3, mkabala ni 9: saa tisa. Saa ya mishale imechorwa duara, na kwenye duara saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu zinatazamana uso kwa uso.

Saa ya tarakimu, ile inayoandika 19:00, haina upande wa pili. Lazima ufanye hesabu kichwani: toa kumi na nane, upate saa moja usiku. Si hesabu ngumu, lakini saa kumi alfajiri, ukiwa na usingizi na haraka, hata hesabu nyepesi inaweza kukukwaza.

Sasa geukia saa yangu nyeusi isiyo na nambari hata moja. Hapakuwa na 7, hapakuwa na 1. Nilikuwa natazama mkabala wa giza na giza.

Waliojua kuchora

Msidhani nasema saa inayosomeka lazima iwe mbaya. Historia inasema vingine kabisa.

Mwaka 1944, mhandisi wa reli za Uswisi aitwaye Hans Hilfiker alichora saa ya kutundikwa kwenye stesheni. Shida yake ilikuwa yetu: abiria aliye mbali, ana haraka, ana mizigo, aone saa kwa kutupa jicho. Akaweka uso mweupe, mistari minene myeusi, mishale minene miwili, mmoja mfupi na mmoja mrefu bila utata. Mwaka 1953 ukaongezwa mshale mwekundu wa sekunde wenye duara nchani, mfano wa kibao ambacho mtumishi wa stesheni hukiinua kuruhusu treni iondoke. Hakuwa anatafuta urembo, alitafuta kusomeka. Lakini leo saa hiyo inatajwa miongoni mwa saa zilizochorwa vizuri zaidi duniani, na watu wanaivaa mkononi.

Upande wa pili kuna mchoro wa Nathan George Horwitt wa Marekani, wa mwaka 1947: uso mweusi, hakuna nambari, ni nukta moja tu pale penye 12. Ni mzuri, siwezi kubisha. Umewekwa hata kwenye jumba la makumbusho la sanaa la New York. Lakini umechorwa kwa mtu ambaye akichelewa mkutano, mkutano unamngoja. Nakala za nakala za wazo hilo ndizo zinazouzwa kwetu barabarani, na sisi hatungojwi na mtu.

Halafu kuna Casio F-91W, ile ndogo nyeusi ya plastiki uliyoiona mkononi mwa mwalimu, mwa dereva, na mwa mjomba. Ilitoka mwaka 1989, ikachorwa na Ryusuke Moriai, na bado inatengenezwa. Uzito wake ni gramu 21 tu, na betri yake imekusudiwa kukaa kama miaka saba. Miaka mingi ilichekwa kuwa saa ya watoto wa shule. Leo vijana wa fasheni wanaitafuta. Haikubadilika hata kidogo, sisi ndio tuliozunguka tukairudia. Tahadhari tu: feki zake ni nyingi mjini, na ile taa yake ndogo haimuliki uso wote, kwa hivyo usitarajie makubwa gizani.

Jinsi ya kununua bila kujuta

Tangu siku ya geti nimekuwa nikiwasumbua wachuuzi na mafundi. Haya ndiyo niliyojifunza.

Fanya jaribio la jicho moja. Shika saa, itazame kwa muda wa kupepesa jicho, geuza uso, useme ni saa ngapi. Kisha hakikisha. Ukikosea mara mbili kati ya tatu, irudishe. Ifanye dukani, halafu omba utoke nje uifanye juani, kwa sababu kioo kinachong'aa hugeuka kioo cha kujitazama. Kisha ifunike kwa kiganja uone gizani inasemaje.

Tazama tofauti ya rangi. Mishale meupe kwenye uso mweusi, au myeusi kwenye uso mweupe. Mishale ya fedha kwenye uso wa fedha ni mtego: inapendeza kwenye picha, inapotea mchana wa jua.

Pima mishale. Wa saa uwe mfupi na mnene, wa dakika uwe mrefu kiasi cha kufika kwenye mistari ya pembeni. Hapa ndipo nilipoangukia. Na usidanganywe na picha za matangazo: karibu zote zimewekwa saa nne na dakika kumi, kwa sababu hapo mishale hufunguka kama mikono na kuacha jina la kampuni wazi. Mwambie muuzaji aizungushe hadi saa kumi na mbili na nusu uone kama bado utaielewa.

Nambari si lazima ziwe zote kumi na mbili. Nne zinatosha, au mistari minene, ilimradi ile ya 12 itofautiane na nyingine. Saa huteleza mkononi, na usipojua juu ni wapi, umepotea.

Saa ndogo ndani ya saa kubwa ni za kuchunguza. Nyingi za barabarani zimechorwa tu, mishale yake imegandishwa kwa gundi. Kama hazifanyi kazi, zinakula nafasi ya kile unachohitaji kukiona.

Rangi ya kung'aa gizani ni nzuri kwa anayeamka alfajiri. Imulike kwa tochi ya simu, kisha ifunike uone. Rangi ya siku hizi haina madhara, lakini haikuwa hivyo zamani. Miaka ya 1910 na 1920 kule Marekani, wasichana wa kiwandani walipaka nyuso za saa rangi yenye radiamu, wakiambiwa wachonge brashi kwa midomo yao. Wengi waliugua, mifupa ya taya ikaoza, wakafa. Watano kati yao walimshtaki mwajiri na kesi ikamalizwa kwa maelewano mwaka 1928. Sisi tunaoishi tukivuta moshi wa jaa la Dandora tunaijua hadithi ya aina hiyo: uzuri wa mtu mmoja, mapafu ya mwingine.

Maji nayo. Saa iliyoandikwa 30M haimaanishi uzame nayo mita thelathini. Inamaanisha jasho, matone ya mvua, na kunawa mikono. Ukitaka kuogelea, tafuta iliyoandikwa 100M, na iwe ya kweli.

Mwisho, usisahau kazi yako. Jirani yangu ni muuguzi. Yeye hawezi kuvaa saa isiyo na mshale wa sekunde, kwa sababu anahesabu mapigo ya moyo kwa sekunde thelathini kisha anazidisha mara mbili. Mtu wa boda anahitaji saa itakayosomeka mkono ukiwa kwenye usukani. Mpishi wa hoteli anahitaji mkanda unaooshwa. Na dada zangu mnaouziwa visaa vidogo vyenye mawe ya kumeta: udogo si tatizo, bora uso uwe safi. Mawe yakae pembeni, yasikalie nambari.

Saa za kisasa za kuunganishwa na simu? Sizikatai. Lakini zile za bei nafuu nyingi huzima uso hadi uzitikise, hufifia juani, na zinataka chaji kama simu. Kwa mtu ambaye tatizo lake lilikuwa stima kupotea, umenunua tatizo lilelile, ila sasa limefungwa mkononi.

Na style je?

Kuna watu watasema haya ni maneno ya mzee. Mimi si mzee. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, na najua vizuri mtu anavyojisikia akivaa kitu kizuri wakati hana kingine cha kujivunia. Mtaa huu uliozaa Kalamashaka haujawahi kukosa vijana wanaojua kujipanga. Sneaker safi kwenye matope ya Dandora ni msimamo, si upuuzi. Kijana akivaa vizuri anamwambia kila anayemtazama kwamba hajakata tamaa. Sitamcheka.

Ninachosema ni kwamba tumeuziwa wazo bovu, kwamba kitu cha kazi hakiwezi kuwa cha style. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Saa yangu nyeusi ilijitembeza hadi kwenye mathree yangu, ikanisomea mistari, nikainunua. Lakini ukivaa saa safi ya uso mweupe, mkanda wa ngozi au wa kitambaa unaobadilisha kulingana na nguo, watu wanauliza umeitoa wapi. Kubadilisha mkanda ni njia rahisi sana ya kupata saa tatu kwa bei ya moja.

Na kuna faida ya usalama. Dhahabu bandia inamwita mwizi wa kweli. Yeye hatakuuliza kama ni feki, atagundua akishafika nyumbani, na mkono wako utakuwa umeumia tayari. Saa ya plastiki inayosomeka haimshtui mtu.

Shahidi mkononi

Nimeacha jambo kubwa hadi mwisho makusudi.

Tumezoea kufikiri saa ni ya kutuwahisha kazini. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu tu. Saa pia inakuambia umetoka kazini saa ngapi. Nyapara anayefunga geti saa moja na dakika moja mara nyingi ndiye anayekuambia "malizia hiyo kidogo" hadi saa moja na nusu usiku, na hapo ghafla hakuna anayehesabu dakika. Chumba cha kazi hakina saa ukutani. Simu mmeziacha getini. Mwenye saa ni mmoja, naye ni yeye.

Kanuni za jumla za mishahara nchini Kenya zinasema wiki ya kawaida ya kazi ya mchana isizidi masaa 52, yagawanywe kwa siku sita, na masaa ya ziada siku za kawaida yalipwe mara moja na nusu. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zisizopungua mwezi hawezi kuendelea kuhesabiwa kama wa siku moja moja. Lakini utadai vipi masaa usiyoyajua? Utasema "tulitoka giza limeingia"? Giza si ushahidi.

Siku hizi nina saa ya uso mweupe, nambari kubwa, mkanda wa kitambaa. Nilimlipa yule mzee wa kibanda cha kioo mia nane, akanifungulia mgongo nione mashine, akaniwekea betri mpya nikitazama. Pamoja nayo nina kijidaftari. Nikiingia kibaruani naandika, nikitoka naandika. Miezi michache iliyopita tulipunjwa masaa, sehemu ambayo sitaitaja, tukaenda watu wanne kuuliza. Watatu walisema "tulikaa sana". Mimi nilifungua daftari nikasoma: Jumatatu, kuingia saa moja, kutoka saa kumi na mbili na dakika arobaini. Jumanne hivi, Jumatano hivi. Karani alinyamaza kidogo, akauliza, "Wewe ulijuaje?" Nikainua mkono.

Hatukulipwa yote. Tulilipwa baadhi, na kuanzia hapo jioni walianza kutuachilia kwa wakati. Mmoja wa wale watatu alinisindikiza hadi mjini Jumamosi iliyofuata, nikampeleka kwa mzee. Alichagua saa moja ya dhahabu dhahabu hivi, inayometameta. Nikamwambia aitazame, ageuze uso, aseme ni saa ngapi.

Akasema saa tano. Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano. Akairudisha mwenyewe.